Kupishana au Kukaa Pamoja: Njia za Kuweka Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, wenye kompyuta za miaka ya nyuma wamejikuta mbele ya swali ambalo hapo awali lilikuwa la mafundi na wanafunzi wa kompyuta peke yao. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji kisichopungua kizazi cha nane, masharti ambayo laptopu nyingi zilizokwisha kutumika, zile zinazopangwa mezani Kariakoo jijini Dar es Salaam au katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, haziyatimizi. Kompyuta hizo hazijaharibika, na Linux hukaa ndani yake vizuri huku ikiendelea kupata viraka vya usalama. Lakini mwenye kompyuta anaweza kuwa na programu ya hesabu, ya kuchorea majengo au ya kuchapishia vitambulisho ambayo iliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Hapo ndipo haja ya mifumo miwili inapozaliwa, na ndipo pia watu wengi wanapoanza kuikata diski kabla ya kujiuliza kama kweli ilihitaji kukatwa.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote: ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga zamu za kichakataji, unaosoma diski na unaopeleka kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi kwa programu inayohusika. Programu ya kawaida haizungumzi na vyuma moja kwa moja, bali huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi, na huomba kwa lugha ya mfumo ule ilioandikiwa, ndiyo maana programu ya Windows ikipelekwa kwenye Linux hukosa wa kuielewa. Linux yenyewe, kwa maana halisi ya neno hilo, ni kiini tu, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Anachosakinisha mtumiaji ni mkusanyo wa kiini hicho na programu nyingine nyingi, na kila mkusanyo una jina lake, kama vile Debian, Fedora, Linux Mint au Ubuntu. Huo wa mwisho, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umebeba neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni ndugu wa neno utu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo programu huria si mgeni aliyeingia jana katika nchi hizi.

Kinachopaswa kuamua njia si umaarufu wake wala mazoea ya fundi wa mtaani, bali jibu la swali moja: je, mtumiaji anaihitaji mifumo yote miwili kwa wakati mmoja, au atakuwa akihama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa zamu? Katibu muhtasi anayenakili takwimu kutoka programu ya Windows na kuzibandika katika barua anayoiandika kwenye Linux anaihitaji kwa pamoja, na kumlazimisha azime na kuwasha kompyuta kila anapotaka tarakimu moja ni kumwadhibu. Kijana anayejifunza programu mchana kwenye Linux na kucheza michezo ya Windows usiku anaihitaji kwa zamu. Kutokana na swali hilo linazaliwa lingine la uwezo wa kompyuta, kwa sababu mifumo inayokaa pamoja hugawana kumbukumbu na kichakataji, ilhali inayopishana kila mmoja hupewa kompyuta nzima zamu yake inapofika. Halafu kuna jambo ambalo husahaulika mpaka liume, nalo ni ugumu wa kurudi nyuma: njia nyingine hufutwa kwa kubofya mara mbili, nyingine huacha mabaki ambayo humtoa jasho hata mtu mzoefu.

Kabla ya hayo yote, inafaa kuhakikisha kwamba mfumo wa pili unahitajika kweli. Mtu ambaye Windows yake inatumika kwa barua, majedwali na kuperuzi intaneti anaweza kuhamia Linux moja kwa moja, kwani LibreOffice, mkusanyo wa programu za ofisi, hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa nyaraka zenye mpangilio mgumu huweza kuvurugika kidogo. Ipo pia Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambayo huyapokea maombi ya programu ya Windows na kuyageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa. Kwa programu ndogo na za zamani hufanya kazi vizuri ajabu, na kwa nyingine haifanyi kazi kabisa, na hakuna namna ya kujua ila kuijaribu.

Jaribio la kwanza lisiloigusa diski hata kidogo ni la flashi. Faili la usakinishaji la Ubuntu 24.04 lina ukubwa wa karibu GB 6, mzigo ambao kwa anayetumia bando ni afadhali upakuliwe wakati wa vifurushi vya usiku, kisha huandikwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, ambazo hufuta kila kilichomo ndani ya flashi hiyo. Kompyuta ikiwashwa huku kitufe cha kuchagulia chanzo kikibonyezwa, ambacho kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12 na kwa HP nyingi ni Esc kikifuatiwa na F9, Linux huwaka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya kumbukumbu. Hapo mtumiaji achunguze mambo ambayo humsumbua mtu baadaye: kama Wi-Fi inashika, kwa kuwa baadhi ya kadi za Broadcom hudai kiendeshi cha nyongeza, kama sauti inatoka, kama laptopu ikifunikwa inalala na kuamka, na kama printa ya ofisini inatambuliwa. Kasi isimvunje moyo, kwa sababu flashi kwa kawaida ni ya polepole kuliko diski ya ndani.

Njia ya kukaa pamoja

Kompyuta pepe ni programu inayoigiza kompyuta nzima, yenye kichakataji chake, diski yake na kadi yake ya mtandao, kiasi kwamba mfumo endeshi unaosakinishwa ndani yake huamini kuwa umekaa juu ya vyuma halisi. Mfumo uliopo kwenye vyuma huitwa mwenyeji na ule wa ndani huitwa mgeni, istilahi ambazo zimekaa vizuri katika Kiswahili kwa sababu zinaeleza pia adabu ya uhusiano wao: mgeni hula alichopewa, halali chumba cha mwenyeji, na akileta fujo huondolewa bila nyumba kubomoka. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani IBM ilikuwa ikizigawa kompyuta zake kubwa kwa namna hii tangu miaka ya 1960, lakini katika kompyuta ndogo lilipata nguvu baada ya Intel, mwaka 2005, na AMD, mwaka 2006, kuanza kuuza vichakataji vyenye amri maalumu za kuwahudumia wageni.

Amri hizo ndizo humkwamisha anayeanza, kwa sababu katika kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimezimwa. Dalili yake ni kwamba programu ya kompyuta pepe kama VirtualBox hukataa kumwasha mgeni na kutaja VT-x au AMD-V katika ujumbe wa kosa. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ndani ya kompyuta, ile inayofunguliwa kwa F2, F10 au Delete kabla ya mfumo kuwaka, na kuwasha kipengele ambacho kwa Intel huandikwa Virtualization Technology na kwa AMD huandikwa SVM. Baada ya hapo kazi ni nyepesi: mtumiaji huunda kompyuta pepe mpya, huielekeza kwenye faili la usakinishaji, huigawia kumbukumbu na diski, na kuendelea kama anayesakinisha kwenye kompyuta ya kawaida.

Hesabu ya kumbukumbu haina huruma. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ambayo hufutika umeme unapokatika, haiwezi kukopwa: katika laptopu ya GB 8 mwenyeji Windows akiwa na kivinjari kilichofunguliwa kurasa kadhaa hutumia karibu nusu yake, na mgeni Ubuntu aliyepewa GB 4 zilizobaki atatembea, lakini hatakimbia. Kwenye GB 16 wote wawili hustarehe. Kwenye GB 4 njia hii isijaribiwe kabisa, kwani kompyuta itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, taa ya diski haitazima, na mtumiaji atailaumu Linux kwa kosa lisilo lake. Diski ya mgeni, kwa upande mwingine, haikatwi kutoka kwenye diski halisi. Ni faili moja kubwa ndani ya mwenyeji, linalokua kadiri linavyojazwa, na Ubuntu huhitaji walau GB 25 kwa ajili hiyo.

Faida kubwa kuliko zote, na ambayo haitajwi inavyostahili, ni uwezo wa kupiga picha ya hali ya mgeni. Kabla ya kusakinisha programu isiyoaminika au kubadilisha mpangilio hatari, mtumiaji huihifadhi hali ilivyo, na mambo yakiharibika huirudisha kwa dakika moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa anayejifunza usimamizi wa mifumo, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuchagua njia hii. Faida nyingine inahusu Windows 10 iliyostaafu: aliyehamia Linux lakini bado ana programu moja ya Windows asiyoweza kuiacha anaweza kuiweka Windows hiyo kama mgeni na kuikatia kadi ya mtandao kabisa, ikabaki inafanya kazi yake ya hesabu bila kuonana na intaneti. Leseni, hata hivyo, haiepukiki kwa sababu tu kompyuta ni pepe. Windows ya mgeni hudai leseni yake kama Windows nyingine yoyote.

Katika programu zenyewe, VirtualBox ya Oracle ndiyo inayojulikana zaidi na hupatikana bila malipo, ila ofisi zinapaswa kutambua kwamba kifurushi chake cha nyongeza kina leseni tofauti ambayo haitoi ruhusa ya bure kwa matumizi ya kibiashara. VMware Workstation Pro, iliyokuwa ya kulipia, ilifanywa kuwa ya bure kwa watumiaji wote mwezi Novemba 2024. Mwenyeji akiwa Linux, hakuna haja ya kwenda mbali: KVM imo ndani ya kiini tangu mwaka 2007, na virt-manager huifungulia dirisha la kuitumia kwa kipanya. Kinachoishinda kompyuta pepe ni michezo mizito na uhariri wa video, kwa kuwa mgeni hapati nguvu yote ya kadi ya picha.

Kwa mwandishi wa programu ambaye anaipenda Windows yake ila anahitaji zana za Linux, Microsoft yenyewe ilikwisha kutengeneza njia ya mkato iitwayo WSL, iliyoanza mwaka 2016 na ambayo toleo lake la pili, lililotangazwa mwaka 2019, hutumia kiini halisi cha Linux ndani ya kompyuta pepe nyepesi isiyoonekana. Amri moja, wsl --install, ikiandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huleta Ubuntu nzima baada ya kuwasha upya. Tahadhari ya maana ni kwamba mafaili ya kazi yawekwe upande wa Linux, kwa sababu kuyasoma yakiwa upande wa Windows kupitia njia ya /mnt/c huchelewesha kazi kwa kiasi kinachoonekana. Anayetaka kuona Linux kama mazingira kamili ya kuishi, yenye meza yake na menyu zake, hatashibishwa na WSL.

Njia ya kupishana

Kupishana ni pale diski inapogawanywa sehemu, kila mfumo ukapewa yake, na kila kompyuta inapowashwa mtumiaji akachagua nani ashike zamu. Hii ndiyo njia inayofaa kompyuta ya GB 4, kwa kuwa hakuna mgeni wa kulishwa, na ndiyo inayompa mtumiaji nguvu yote ya kadi ya picha. Ndiyo pia yenye hatari, na hatari hizo karibu zote hutokana na mambo manne au matano yanayojulikana, ambayo aliyeyafahamu mapema hupita salama.

La kwanza ni umeme. Kupunguza ukubwa wa sehemu ya diski ni kazi ya kuhamisha mafaili na kuandika upya orodha ya mahali yalipo, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo orodha hubaki nusu. Laptopu ianze kazi betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa, na kompyuta ya mezani iunganishwe kwenye UPS. Asiye na UPS asubiri mpaka aazime. Kabla ya hapo nakala ya mafaili muhimu iwe imeshawekwa kwenye diski nyingine iliyochomolewa.

Jingine ni ufunguo wa BitLocker, yaani usimbaji wa diski ambao Windows 11 katika laptopu nyingi mpya huuwasha yenyewe pindi mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi bila yeye kutambua. Mpangilio wa kuwashia unapobadilishwa, Windows hushuku kwamba kompyuta imeibwa na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao amepoteza kila kilichomo. Amri manage-bde -protectors -get C: huuonyesha ufunguo huo, nao unakiliwe kwa kalamu kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, wala usihifadhiwe ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Kisha kuna kile ambacho Windows hukiita Fast Startup, kilicholetwa na Windows 8 mwaka 2012. Kikiwa kimewashwa, kuzima kompyuta si kuzima kikamilifu: Windows huihifadhi hali ya kiini chake kwenye faili na kwenda kulala, ili kesho iamke haraka, na kwa hiyo huiacha diski yake katika hali ya mtu aliyetoka kitambo tu na kuacha kitabu wazi mezani. Linux ikiikuta diski katika hali hiyo hukubali kusoma tu na hukataa kuandika, jambo ambalo watumiaji hulilalamikia kama ubovu ilhali ni ulinzi. Amri powercfg /h off hukiondoa kipengele hicho, na papo hapo hulifuta faili kubwa la hiberfil.sys, jambo lenye manufaa ya pili ambayo yataonekana hivi punde.

Upunguzaji wa sehemu ya Windows ufanywe kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwa programu ya diskmgmt.msc, si kwa kisakinishi cha Linux, kwa sababu Windows inayafahamu mafaili yake vizuri zaidi. Mtumiaji mwenye diski ya GB 500 ambayo GB 300 ziko wazi hushangaa akiambiwa kwamba anaweza kupunguza GB 20 tu. Sababu ni kwamba mafaili fulani yasiyohamishika, likiwemo lile la usingizi lililotajwa, faili la kumbukumbu ya ziada na nakala za kurejeshea mfumo, yameketi katikati ya diski kama mawe shambani. Yakizimwa kwa muda na kompyuta ikawashwa upya, nafasi hufunguka. Linux ipewe GB 40 kwa uchache, na aliye nazo atoe 60 au zaidi, kwani kuongeza baadaye ni kazi mara mbili.

Utaratibu wa kusakinisha ni Windows kwanza, Linux baadaye. Kisakinishi cha Windows hakijali kama kuna mfumo mwingine, ilhali Linux huja na GRUB, programu ya kuwashia inayoiorodhesha mifumo yote iliyoikuta na kumwachia mtumiaji achague. Katika kompyuta za kisasa zinazotumia UEFI, ambayo ni programu ya awali iliyochukua nafasi ya BIOS, kuna sehemu ndogo ya diski ambayo Windows huiunda kwa ukubwa wa takriban MB 100, na mifumo yote miwili huweka humo faili lake la kuwashia bila kugombana. Sharti ni kwamba flashi ya usakinishaji iwashwe kwa namna ileile ambayo Windows ilisakinishwa nayo. Mmoja akiwa wa UEFI na mwingine wa namna ya zamani, hawataonana katika orodha moja. Katika kompyuta za zamani zenye jedwali la MBR kuna kikwazo kingine, kwamba diski haikubali zaidi ya sehemu kuu nne, na watengenezaji wa laptopu wakati mwingine walizimaliza zote kwa sehemu zao za kurejeshea.

Hata baada ya kusakinisha, amani haidumu bila kuangaliwa. Mwezi Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilibadilisha orodha ya programu za kuwashia zinazoaminiwa na Secure Boot, ule ulinzi unaokataa programu ya kuwashia isiyo na sahihi inayotambulika, na watumiaji wengi wa mifumo miwili waliwasha kompyuta wakakuta Linux yao imekataliwa kwa ujumbe unaotaja SBAT. Flashi ile ya majaribio haipaswi kufutwa baada ya kazi. Ndiyo ufunguo wa akiba wa nyumba, na siku ya namna hiyo ndiyo huitwa kazini.

Tatizo moja dogo hujitokeza karibu kila mara na huonekana kama uchawi mpaka lieleweke. Kompyuta ina saa ndogo ya betri inayoendelea kutembea hata ikizimwa. Linux huichukulia saa hiyo kuwa ni ya UTC, ile saa ya dunia nzima, na kuongeza tofauti ya eneo, ilhali Windows huichukulia kuwa tayari ni saa ya hapohapo. Mtumiaji wa Mombasa aliyetoka kwenye Linux akaiwasha Windows saa nne asubuhi ataonyeshwa saa moja asubuhi, kwa sababu Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Wa Kigali au Bujumbura atapungukiwa saa mbili, na wa Muscat saa nne. Risiti na barua zitapigwa muda usio wake mpaka Windows ijisahihishe kwa intaneti, na kesho itakuwa vilevile. Amri timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa mara moja upande wa Linux, huifanya Linux ikubali desturi ya Windows na ugomvi huisha.

Nyaraka za kutumiwa na pande zote mbili ziwekwe kwenye sehemu ya diski ya aina ya NTFS au exFAT. Linux huziandika zote mbili bila shida, na kwa NTFS kiendeshi kipya kiliingia ndani ya kiini mwaka 2021, lakini Windows haiioni kabisa sehemu ya aina ya ext4 ambayo Linux hujiwekea. Huiona kama diski isiyoandaliwa na humshawishi mtumiaji aifomati. Asikubali.

Diski mbili ni bora kuliko moja

Aliye na nafasi ya diski ya pili aache kuikata ya kwanza. Kompyuta nyingi za mezani, na laptopu zenye tundu la M.2 pamoja na nafasi ya diski ya inchi 2.5, zinaweza kubeba zote mbili, na diski ya SSD ya GB 120 au 240 inatosha Linux ya matumizi ya kawaida. Siku ya kusakinisha, diski ya Windows ichomolewe kabisa, kwa sababu kisakinishi kikiiona sehemu yake ya kuwashia huweza kuweka faili la Linux humohumo, na diski mbili zikafungwa kamba moja bila mwenyewe kujua. Ikirudishwa baadaye, mtumiaji huchagua mfumo kwa F12 au kitufe cha kompyuta yake. Hakuna kinachogawanywa na hakuna kinachopunguzwa, na diski moja ikifa nyingine huwaka kama kawaida. SSD ya nje inayochomekwa kwenye USB 3 hufanya kazi hiyo pia, ingawa kebo ikichomoka katikati ya kazi mfumo huganda.

Kwa wenye Mac jambo ni fupi: Boot Camp, iliyowawezesha tangu mwaka 2006 kuiwasha Windows kwa zamu, haimo katika kompyuta za chipu za Apple zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, na kwa hao kompyuta pepe ndiyo njia ya Windows.

Kwa hiyo mwenye GB 8 au zaidi na anayefanya kazi za ofisi au masomo aanze na kompyuta pepe, na akae nayo miezi kadhaa kabla ya kufikiria kugusa diski. Mwandishi wa programu aanze na WSL. Mwenye GB 4, au mpenzi wa michezo, apishanishe mifumo, akitanguliza diski ya pili ikiwezekana. Anayeishi kwenye Linux juma zima na kufungua Windows mara moja kwa mwezi amechelewa kugeuza nyumba: Linux iwe mwenyeji na Windows iwe mgeni.

Yule ambaye chaguo lilimshinda ana njia ya kurudi, na hapo tofauti ya njia hizi huonekana wazi. Kompyuta pepe hufutwa kwa kulifuta faili lake, na WSL kwa amri wsl --unregister Ubuntu. Aliyepishanisha mifumo katika diski moja aanze na mipangilio ya UEFI, aiweke Windows Boot Manager iwe ya kwanza katika orodha ya kuwashia, aiwashe Windows, na ndipo aifute sehemu ya Linux kwa diskmgmt.msc na kuirudishia Windows nafasi hiyo. Wanaogeuza utaratibu huo, wakafuta Linux kwanza, huwasha kompyuta na kukuta kioo cheusi chenye neno grub> peke yake, kwa sababu GRUB bado ipo lakini maagizo yake yameondoka na sehemu iliyofutwa. Aliyefikwa na hilo asikimbilie kusakinisha Windows upya: aingie UEFI, achague Windows Boot Manager, na kama kompyuta ni ya BIOS ya zamani atumie flashi ya Windows na amri bootrec /fixmbr. Mafaili yake yapo palepale.